Jumlisha: kisa cha amri nne zilizosomwa kwa simu

"Andika jei, si, em, di. Herufi ndogo zote. Acha nafasi. Weka ile namba niliyokutajia. Acha nafasi tena. Thread, T kubwa, halafu nukta, halafu print."

"Nukta ya chini, kaka, au ile ya katikati?"

Mazungumzo ya namna hii nimeyafanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mimi nakaa Area D, Dodoma mjini. Seva niliyokuwa naihangaikia ilikuwa kwenye stoo ya kituo kimoja cha kununulia mazao upande wa Kongwa, imekaa juu ya meza ya mbao kati ya mizani na magunia ya alizeti. Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni kijana wa mizani. Si mtu wa kompyuta. Anajua kuiwasha, kuifuta vumbi, na kuizima kwa kubana kitufe pale foleni inapoanza kupiga kelele. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa linanimaliza, kwa sababu programu ya Java ikizimwa, ushahidi wa kilichoikwamisha unazimika nayo.

Hitilafu yenyewe, nitakavyoeleza mbele, ilikuwa ya mistari michache. Kilichotula wiki tatu ni swali ambalo mtu wa nje atalicheka: amri kadhaa za uchunguzi zikitakiwa kwenda kwa pamoja, ziandikweje?

Hali ilivyokuwa

Ilikuwa mwezi wa sita, mazao yanashuka. Kila Jumatatu, saa mbili na dakika kadhaa asubuhi, skrini za makarani zinaganda. Karani anabonyeza, stakabadhi haitoki, mkulima anaulizwa asubiri, wa nyuma yake naye anasubiri, malori yanafika barabarani. Baada ya dakika kumi hivi mambo yanarudi yenyewe, kama kijana hajaizima kabla.

Nilihitaji vitu vinne vya wakati mmoja: nyuzi za programu, yaani kazi zake zinazokwenda sambamba, zinafanya nini (Thread.print), hipu, yaani kumbukumbu inayotumiwa na programu, imejaa kiasi gani (GC.heap_info), ni aina gani ya vitu vilivyoijaza (GC.class_histogram), na programu imeamka tangu lini (VM.uptime). Vyote hivyo hutoka kwa jcmd, chombo kilichokuja na Java 7 mwaka 2011. Unakipa namba ya programu inayotembea na jina la amri, nacho kinakwenda kuiuliza programu ikiwa hai hivyohivyo, bila kuizima.

Shida ni kwamba kwenye mstari mmoja jcmd inapokea swali moja. Na jcmd yenyewe ni programu ya Java, kwa hiyo kila ukiiita unaamsha mashine nyingine ya Java kwenye seva ambayo tayari inahema. Ongeza muda wa kusomeana herufi kwa simu. Kati ya jibu la kwanza na la nne zilikuwa zinapita dakika saba. Nyuzi za saa mbili na dakika tano na hipu ya saa mbili na dakika kumi na mbili haziwezi kutoa ushahidi kwenye kesi moja. Ni sawa na kupima gunia leo ukaandika stakabadhi kesho, gunia likiwa limelala na panya.

Tulichoandika kwanza

Jumatatu ya kwanza nilimtumia kijana mstari huu kwa WhatsApp, aunakili kwa mkono kwenye kibodi:

jcmd 2316 Thread.print && jcmd 2316 GC.heap_info && jcmd 2316 VM.uptime

Akaandika thread kwa t ndogo. jcmd inajali ukubwa wa herufi. Ikasema amri hiyo haiijui na kutoka na kodi 1, namba ya kusema imeshindwa. Alama mbili za "na" kwa sheli, programu inayosoma amri unazoandika, maana yake ni: endelea tu kama ya kwanza imefaulu. Haikufaulu, basi za nyuma hazikuguswa. Kijana akaona neno la kosa, akaona foleni, akabana kitufe. Sikupata hata namba moja.

Kosa hilo nalihesabu kuwa langu, si la t ndogo. && ni alama ya mtu anayejenga: unganisha programu, ikikubali ijaribu, ikikubali ipeleke. Mtu anayechunguza anataka kinyume chake. Amri moja ikigoma, zilizobaki ndizo zinazopanda thamani, na kugoma kwenyewe ni habari.

Jumatatu ya pili nikaja na nukta-mkato, ambayo sheli inaisoma "fanya hii, halafu hii, vyovyote itakavyokuwa". Nikaongeza sudo, inayoendesha amri kwa jina la mtumiaji mwingine, kwa kuwa jcmd inatakiwa iendeshwe na mtumiaji yuleyule mwenye programu, na mwishoni nikaelekeza majibu kwenye faili:

sudo -u huduma jcmd 2316 Thread.print; jcmd 2316 GC.heap_info; jcmd 2316 VM.uptime > ripoti.txt

Faili likanifikia halina cha kusoma. Anayeijua sheli ameshaona: sudo ilishika amri ya kwanza peke yake, na mshale wa kwenda kwenye faili ulishika ya mwisho peke yake. Majibu ya nyuzi, niliyoyahitaji kuliko yote, yalimwagika kwenye skrini yakapita juu. Amri ya pili na ya tatu zilikwenda kwa jina la kijana, zikakataliwa mlangoni.

Hapa ndipo nilipoacha kuona kuwa suala ni alama ya kutenganisha. Amri zikiwa nyingi, kuna mambo yanayohusu zote (nani anaziendesha, zinaiuliza programu ipi, majibu yanakwenda wapi) na kuna yanayohusu moja moja. Maandishi lazima yaonyeshe mpaka huo, na nukta-mkato ya sheli haiuonyeshi. Dawa yake ipo: unazifunga zote ndani ya mabano ya mawimbi, unaziweka kwenye nukuu, unampa sh -c. Jaribu kumsomea hayo kwa simu mtu aliyesimama kati ya magunia.

Kuna atakayeuliza mbona jcmd ina -f, inayosoma faili lenye amri, mstari kwa mstari. Ndiyo, ipo, na ingetuondolea nusu ya dhiki. Lakini faili lazima liwe limeshaandikwa kabla ya dharura, na ninachotaka kuuliza hubadilika katikati ya simu. Tena haisemi kila swali liliulizwa saa ngapi. Tutairudia.

Alama za kugombea

Niliandika kasha dogo la sheli nikaliita kagua. Linajua jina la mtumiaji, linatafuta lenyewe namba ya programu, linaweka majibu kwenye folda moja inayojulikana. Jioni moja ilitosha. Kilichobaki ni mtu aandike nini baada ya neno kagua, na hapo tukaanza kubishana mimi na dada anayesimamia hifadhidata yetu, kuanzia ofisini hadi kwenye kuku pale Chako ni Chako.

Mkato ulikuwa wa kwanza kuanguka. Thread.print,GC.heap_info inapendeza, lakini sisi tumefundishwa shuleni kuacha nafasi baada ya mkato, na kijana aliiacha. Sheli ikaona vipande viwili, cha kwanza kikiwa na mkato mkiani. Juu ya hilo, mkato una kazi nyingine ndani ya amri zenyewe: VM.log inapokea orodha ya mambo ya kurekodi ikiwa imetenganishwa kwa mikato.

Nukta-mkato ndani ya nukuu ilikufa kwa ajili ya simu. Kibodi za baadhi ya simu hugeuza nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na nukuu iliyopinda kwa sheli ni herufi tu kama herufi nyingine. Kuiwekea mstari-mshazari mbele, kama inavyotakiwa kwenye vyombo vya find na tmux, sikukubali hata kujaribu. Nimeshaona wahandisi wa miaka mingi wakisahau mshazari ule.

Vistari viwili vilipendekezwa, nikavikataa kwa sababu mbili. Kwanza vina maana ya siku nyingi kwenye Unix: chaguo zimeishia hapa. Pili, iPhone huviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu bila kukuuliza.

Dada alikuwa anaitetea -c inayorudiwa kila amri, kama psql, chombo cha hifadhidata ya PostgreSQL, inavyoruhusu tangu toleo la 9.6. Hoja yake ilikuwa nzito: mtindo unajulikana, kila amri ina mlango wake. Ila amri yenye chaguo zake, mfano Thread.print -l, inabidi iingie kwenye nukuu ili -l isidhaniwe kuwa ya kagua, na tayari tumerudi kwenye nukuu zilizopinda.

Ndipo akasema, "Kwani tunahangaika na alama za nini? Tuweke neno na."

kagua Thread.print na GC.heap_info na VM.uptime

Nilisimama. Ilikuwa nzuri mno. Haihitaji kufundishwa, haina Shift, hakuna kibodi itakayoigeuza, na mtoto wa darasa la pili anaisoma.

"Dada, hapa umemaliza," nikamwambia.

"Tuijaribu kwanza. Kaa kwenye kibodi, mimi nakupigia kutoka nje."

Akatoka, akapiga. "Haya, andika kagua. Acha nafasi. Thread.print na GC.heap_info na VM.uptime." Nikaandika amri tatu, nikabonyeza Enta, kagua ikalalamika. Sikuwa nimeandika na hata moja. Niliisikia kama maneno yake, si kama kitu cha kuandika. Tukarudia, safari hii akisema "andika na", nami nikauliza "andika na nini?" Tukacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kwa hiyo neno lililofaa kwa macho lilikufa kwa masikio, kwa sababu limefanana mno na usemi wenyewe. Tulihitaji kitu ambacho kikitamkwa hakiwezi kuchukuliwa kuwa ni maongezi, na hapohapo hakuna asiyejua kukichora.

Jumlisha. Kila aliyepita darasa la kwanza anaijua, na hakuna anayesema "jumlisha" katikati ya sentensi akiwa na maana nyingine. Ikisimama peke yake haina maana yoyote kwa sheli ya bash. WhatsApp haiigusi. Hata find inaitumia mwishoni mwa -exec, kwa maana iliyo karibu na yetu: yakusanye haya kwa pamoja.

kagua Thread.print -l + GC.heap_info + VM.uptime

Kanuni ikawa moja: kilicho kabla ya amri ya kwanza ni cha kagua, kinahusu zote, kilicho baada ya jina la amri ni cha amri hiyo hadi ufike jumlisha.

Dada alitaka pia ikubali Thread.print+GC.heap_info bila nafasi, maana watu watabananisha tu. Nikakataa, na hapa bado naona nilikuwa sahihi: kwenye kumbukumbu za Java jumlisha hubananishwa makusudi. VM.log what=gc+heap=debug ni kitu kimoja, si viwili. Tukakutana njiani. Kagua haiikati jumlisha iliyobananishwa, lakini ikiona pande zake zote mbili ni majina ya amri inazozijua, inasema: "acha nafasi kabla na baada ya jumlisha."

Kinachotokea moja ikikataa

Msimamo niliouelezea juu ndio uliobaki: kagua inaendesha zote, hata moja ikigoma. Kodi ya kutoka ni 0 kama zote zimekubali na 1 kama hata moja imekataa. Ubishi ulikuwa kwenye jina lililokosewa. Kagua inaweza kulitambua kabla haijaanza chochote, kwa kuiuliza jcmd orodha ya amri za programu ile. Je, isimame hapohapo? Desturi inasema simama. Mtu bado yupo kwenye kibodi, arekebishe. Mimi nikiwa mezani kwangu ningesema hivyohivyo. Lakini kwenye stoo ile mtu yupo kwenye kibodi kwa sekunde arobaini, kisha anaitwa mizani. Tukaamua zilizo sahihi ziende, na lililokosewa litajwe mwisho kabisa, chini ya vyote, mahali macho yanapoishia. Jumlisha iliyobaki mkiani bila amri inasamehewa kimya.

Kila amri ina kikomo chake cha sekunde ishirini, kupitia chombo cha timeout. Hili halikuwa la anasa. Programu ikikwama vibaya kiasi kwamba mashine ya Java haiwezi kuzisimamisha nyuzi zake, jcmd nayo hukaa ikisubiri, na bila kikomo amri ya kwanza ingezimeza zote za nyuma. Kodi 124, ya muda kuisha, ikionekana kwenye ripoti, yenyewe ni dalili.

Kuna aliyetushauri tuziendeshe sambamba ili kuokoa muda. Haisaidii: upande wa programu inayoulizwa kuna uzi mmoja tu unaopokea maswali haya, na unajibu moja baada ya jingine. Ungeongeza vurugu mlangoni bila kufupisha foleni.

Mpangilio ndio uliotugharimu. Jumatatu ya tatu, kagua ikiwa tayari, niliagiza GC.class_histogram itangulie na GC.heap_info ifuate. Hipu ikaonekana nyeupe, imejaa robo. Siku mbili nzima niliamini kuwa kumbukumbu haihusiki kabisa. Nilichosahau ni kwamba class_histogram, usipoiambia -all, hulazimisha ufagio kamili wa kumbukumbu kabla ya kuhesabu. Nilikuwa nimemwita mfagiaji, kisha nikapiga picha chumba nikasema mbona kisafi. Baadaye ilionekana kumbukumbu haikuhusika kweli, lakini hiyo ilikuwa bahati. Tulifikiria kagua ijipangie yenyewe amri nzito mwisho, tukaona hapana: ukiandika kushoto kwenda kulia, itendeke kushoto kwenda kulia. Inachofanya ni kutoa onyo kwamba vipimo vitakavyofuata vimeshaguswa.

Halafu saa. Seva ilikuwa kwenye saa ya UTC, kwa hiyo ripoti ilisema 05:07. Ukutani ni 8:07. Kijana anasema saa mbili na dakika saba. Saa tatu tofauti kwa tukio moja! Kagua sasa inaandika kichwa cha kila sehemu kwa ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, ila tarehe iliyo ndani ya majibu ya nyuzi inaandikwa na Java yenyewe na imebaki UTC. Nimeziacha zote mbili zionekane.

Jumatatu ya nne

Tulikuwa tumeongeza neno moja lisilo amri ya Java, subiri, kwa sababu picha moja ya nyuzi haitofautishi uzi uliokwama na uzi uliokuwa unapita tu. Unahitaji picha kadhaa zenye nafasi kati yake.

kagua Thread.print + subiri 5 + Thread.print + subiri 5 + Thread.print + GC.heap_info

Mstari huo kijana aliuandika mwenyewe, mimi nikiusoma, bila swali hata moja. Picha zote tatu zilionyesha uzi uleule kwenye mstari uleule, umeshika kufuli, yaani zamu ya kutumia kitu kwa uzi mmoja tu, na unasubiri printa ijibu. Nyuzi nyingine zote zimezuiwa nyuma ya kufuli hilo. Hipu ilikuwa haijafika nusu. Kumbe Jumatatu asubuhi msimamizi wa stoo huchapisha ripoti ya wiki nzima, kurasa kwa kurasa, kwenye printa ileile ya ofisi, na programu ilikuwa inachapisha huku imeshikilia kufuli la stakabadhi. Tuliitoa kazi ya kuchapisha nje ya kufuli. Historia ya Git, inayotunza mabadiliko ya programu, ilisema aliyeiweka ndani ni mimi.

Baada ya hapo zikaja tamaa. Mmoja alitaka "kama hipu imezidi kiasi fulani, ndipo uendeshe histogram". Nikakataa bila kujadili. Hiyo ni kazi ya sheli, na siku kagua itakapojua masharti tutahitaji mtu wa kuichunguza kagua. Nilichokubali ni seti zenye majina. kagua jumatatu inasoma faili lenye amri, mstari kwa mstari, ikiendesha ule mlolongo wa juu. Nilicheka mwenyewe, maana ni wazo lilelile la -f nililolikwepa mwanzoni. Tofauti ni kwamba seti nayo inajumlishwa: kagua jumatatu + VM.uptime. Kwa kweli siku hizi mara nyingi ndiyo inayotumika, na jumlisha inabaki kwa siku za mashaka. Amri mbili zimeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha boksi juu ya mizani.

Mwezi uliopita kijana alinipigia yeye. Skrini zilikuwa nzito, si kuganda, akaona asisubiri niamke.

"Kaka, mbukwa. Nimepiga kagua jumatatu, nikajumlisha ile ya histogram mwanzo. Imeniletea onyo, ati vipimo vimeguswa. Vimeguswa na nani?"

Nikamweleza habari ya mfagiaji, nikamwambia aisogeze mwisho.

"Mwisho, baada ya jumlisha ya mwisho?"

"Baada ya jumlisha ya mwisho."

"Haya, naandika."